Makaa ya mawe chini, mlima juu: uchimbaji wa chini ya ardhi unavyogusa thamani ya ardhi ya milimani

Ngerengere tunaijua biashara ya mkaa. Magunia yamepangwa pembeni mwa barabara, baiskeli zinashuka na mizigo, na moshi wa tanuru unaonekana ng'ambo ya vilima. Siku hizi kuna neno jipya sokoni: makaa ya mawe yaliyosagwa na kugandamizwa kuwa vipande vya kupikia. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi, kama shule na magereza, ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034. Makaa ya mawe yanatajwa kuwa mojawapo ya njia za kupumzisha misitu.

Hapo ndipo swali linapozaliwa, na wasikilizaji wetu wamekuwa wakiliuliza kwa namna mbalimbali: ikiwa makaa ya mawe yanachimbwa chini kabisa, kwenye mashimo, mlima wa juu si unabaki salama na miti yake?

Jibu fupi ni kwamba miti inaweza kubaki imesimama na mlima bado ukapoteza sehemu kubwa ya thamani yake, kwa sababu thamani ya mlima haiko kwenye miti peke yake. Imo pia ndani ya mwamba, mahali maji yanapopita. Katika makala hii tunaeleza jinsi hilo linavyotokea, kwa kutumia mgodi wa Kiwira, ambao ndio mfano wetu mkubwa wa uchimbaji wa makaa chini ya ardhi hapa Tanzania, na kwa kuitazama milima yetu ya Uluguru kama kipimo cha kile kinachoweza kupotea.

Mkaa na makaa ya mawe si kitu kimoja

Tuanze kwa kutenganisha maneno. Mkaa hutokana na mti uliochomwa kwa hewa kidogo ndani ya tanuru. Tanuru la udongo la kienyeji hugeuza sehemu ndogo tu ya uzito wa mti kuwa mkaa. Sehemu kubwa huishia kuwa moshi na majivu. Ndiyo maana msitu wa miombo huisha haraka.

Makaa ya mawe ni mimea ya zamani sana iliyozikwa kwenye mabwawa, ikafunikwa na mchanga na tope, ikagandamizwa na joto na uzito mpaka ikawa jiwe jeusi linaloungua. Makaa ya Tanzania ni ya zama ambazo wanajiolojia wanaziita Karoo, yaani kati ya miaka milioni 250 na 300 hivi iliyopita. Yamelala kwa matabaka, kama mikate ya chapati iliyopangwa, katikati ya matabaka ya mawe ya mchanga na udongo uliogeuka mwamba.

Yanapatikana wapi? Kusini na kusini magharibi mwa nchi: Songwe-Kiwira, Mchuchuma wilayani Ludewa, Ngaka wilayani Mbinga, na maeneo kadhaa ya Rukwa. Milima ya Uluguru haina mgodi wa makaa ya mawe, na miamba yake si ya aina inayobeba makaa. Ni miamba mikongwe zaidi, iliyopikwa na kukunjwa na joto la ndani ya dunia. Utajiri wake wa madini ni wa aina nyingine: mika iliyochimbwa tangu enzi za Wajerumani, na rubi za upande wa Matombo. Ukishuka kuja Ngerengere, mwamba unabadilika na mawe ya mchanga ya zama za Karoo na zilizofuata yanaanza kuonekana.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kesho mtu atakuja kuchimba makaa Lupanga. Tunasema kwamba mlima unaotunza maji una kanuni zake, awe anachimba mtu wa makaa, wa rubi au wa kokoto. Anayezielewa kanuni hizo kwa mfano wa Kiwira ataweza kuuliza maswali sahihi hapa kwetu.

Thamani ya mlima inahesabiwaje

Watu wakisikia "thamani ya ardhi" hufikiria bei ya ekari. Wataalamu wa mazingira huangalia kazi ambazo ardhi hiyo inafanya bila kulipwa. Tuzitaje kwa kutumia Uluguru.

Kazi ya kwanza ni maji. Miteremko ya mashariki ya Uluguru, inayopokea upepo kutoka Bahari ya Hindi, hupata mvua inayozidi milimita 2,500 kwa mwaka katika maeneo ya juu, wakati mjini Morogoro, upande wa pili, mvua haifiki hata nusu ya hiyo. Msitu wa juu pia hukamata ukungu: matone hushika kwenye majani na kuvu-mwani wa mashina, kisha hudondoka chini. Maji hayo huzama taratibu kwenye udongo na nyufa za mwamba, na kutoka tena kama chemchemi miezi ambayo mvua haipo. Mto Ngerengere wenyewe unaanzia huko. Vijito vyake hujaza bwawa la Mindu linalonywesha Manispaa ya Morogoro, kisha mto unazunguka kuja kwetu na kuungana na Ruvu. Ruvu ndiyo tegemeo kuu la maji ya Dar es Salaam na sehemu ya Pwani.

Kazi ya pili ni kushika udongo. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilipiga Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Watafiti waliofuatilia tukio hilo waligundua kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na maeneo ya nyasi. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Mizizi ilifanya kazi ya nondo.

Kazi ya tatu ni kuhifadhi viumbe. Uluguru ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima 13 unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kuna ndege kama kipwe wa Uluguru na chozi wa Loveridge ambao hawaishi mahali pengine popote duniani. Kuna vyura wadogo wanaozaa watoto kamili badala ya kutaga mayai majini. Serikali ililitambua hilo mwaka 2008 kwa kuyaunganisha maeneo ya hifadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000.

Kazi ya nne ni chakula na kipato: migomba, maharage, mbogamboga za Mgeta, viungo vya Kinole na Tawa. Na ya tano haina bei kabisa: makaburi, misitu ya ukoo, sehemu za matambiko. Mluguru anapoitaja ardhi ya ukoo hamaanishi kiwanja cha kuuza.

Angalia jambo moja. Kati ya kazi hizo tano, nne zinategemea maji kukaa ndani ya mlima kwa muda wa kutosha. Hapo ndipo mgodi wa chini ya ardhi unapogusa.

Jinsi mgodi wa chini unavyofanya kazi

Makaa yakiwa karibu na uso wa ardhi, wachimbaji huondoa udongo wote wa juu na kuyafuata. Huo ni uchimbaji wa wazi, kama unaofanyika Ngaka. Uharibifu wake unaonekana kwa macho: msitu umeondoka, kilima kimekatwa.

Makaa yakiwa ndani zaidi, huchimbwa njia za kuingilia kwenye mlima. Hapo kuna mitindo miwili mikubwa.

Wa kwanza ni wa vyumba na nguzo. Wachimbaji wanatoa makaa kwa kufungua vyumba, lakini wanaacha nguzo za makaa zishikilie dari. Karibu nusu ya makaa hubaki chini kama nguzo. Ndio mtindo uliotumika Kiwira.

Wa pili ni wa ukuta mrefu. Mashine hukata ukuta wa makaa wenye upana wa mita mia kadhaa, na nyuma yake dari huachwa lianguke kwa makusudi. Hutoa makaa mengi zaidi, na hutumika sana China, Australia, Marekani na sehemu za Ulaya.

Kwa mtu aliyesimama juu, mitindo yote miwili huonekana kama hakuna kinachoendelea: geti, mashine ya kusukuma hewa, mkanda unaotoa makaa, na msitu pembeni. Ndiyo sababu usemi kwamba mgodi wa chini hauna madhara juu unaaminika kirahisi. Tupitie madhara moja baada ya jingine.

Ardhi kudidimia

Ukiondoa tabaka la makaa lenye unene wa mita 2 kwa mtindo wa ukuta mrefu, matabaka ya juu hujikunja na kushuka. Uso wa ardhi unaweza kushuka hadi asilimia 70 au zaidi ya unene uliotolewa, yaani karibu mita moja na nusu. Eneo linaloshuka pia ni pana kuliko mgodi wenyewe, kwa sababu mshuko hutanuka kuelekea juu kama mdomo wa faneli.

Kwa vyumba na nguzo, kushuka huchelewa. Nguzo hushika miaka kumi, ishirini, hamsini. Kisha maji yanazilainisha, zinamomonyoka, na siku moja shimo linafunguka shambani kwa mtu ambaye hakuwahi hata kuambiwa kwamba chini yake kuna vyumba. Hatari hapa ni usahaulifu. Kampuni imeshaondoka, ramani zimepotea, wazee waliofanya kazi humo wamekufa.

Kwenye tambarare, ardhi ikishuka huwa dimbwi. Kwenye mlima, mteremko unaopasuka hubadilisha mizani yake. Mpasuko wa juu hupokea maji ya mvua, maji hulainisha udongo, na mteremko unakuwa tayari kuporomoka. Waliowahi kusikia simulizi za Mgeta ya 1970 wanajua maana yake.

Chemchemi kukauka

Hili ndilo dhara kubwa na lisiloonekana. Maji ndani ya mlima hukaa kwenye matabaka, yakizuiliwa chini na tabaka gumu lisilopitisha. Chemchemi hutokea pale tabaka hilo linapokutana na uso wa mteremko. Mgodi unapopasua tabaka hilo, ni kama kutoboa tako la mtungi. Maji yanashuka kwenye vyumba vya mgodi, na mgodi unayasukuma nje kwa pampu ili wafanyakazi wasizame.

Mlima kwa hiyo haupotezi mvua yake. Inanyesha vilevile. Kinachopotea ni muda wa maji kukaa ndani. Masika mto unafurika, kiangazi unakauka mapema, na chemchemi ya kijiji inahamia mahali pengine au inapotea kabisa. Miti ya juu inaweza kubaki kijani kwa miaka kadhaa kabla ya mizizi kuanza kukosa unyevu, hivyo picha ya msitu kutoka angani haitakuonyesha tatizo mpaka likiwa limekomaa.

Maji ya asidi

Ndani ya makaa na mawe yanayoyazunguka mara nyingi kuna madini ya chuma na salfa yanayoitwa pairaiti. Yakiwa yamezikwa mbali na hewa hayana neno. Yakipata hewa na maji hutoa asidi ya salfa na kutu ya rangi ya chungwa inayotanda kwenye mawe ya mto. Asidi hiyo huyeyusha madini mengine, na samaki, kaa na wadudu wa majini huondoka au hufa.

Ubaya wake ni kwamba haikomi mgodi unapofungwa. Pampu zikizimwa, vyumba hujaa maji, na maji hayo hutafuta njia ya kutokea. Huko eMalahleni, Afrika Kusini, mji uliojengwa juu ya makaa, maji ya migodi yalikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2007 ulifunguliwa mtambo maalumu wa kuyasafisha. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Lakini mtambo wa namna hiyo unahitaji umeme, kemikali na mafundi kila siku, kazi ambayo mlima ulikuwa ukiifanya bure.

Mawe taka

Kila tani ya makaa hutoka na mawe na vumbi lisilouzika. Mlimani hakuna tambarare ya kuyaweka, hivyo humwagwa kwenye korongo au juu ya mteremko. Tarehe 21 Oktoba 1966, huko Aberfan nchini Wales, rundo la mawe taka lililokuwa limewekwa mlimani juu ya chemchemi lilishuka baada ya mvua na kufunika shule ya msingi na nyumba za jirani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Mgodi wenyewe ulikuwa chini ya ardhi. Kilichoua ni kile kilichotolewa chini na kuwekwa juu, mahali maji yalipokuwa yakitoka.

Moto, gesi na barabara

Makaa yaliyobaki chini yanaweza kushika moto na kuendelea kuungua kwa miongo. Huko Centralia, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, moto ulioanza mwaka 1962 unaungua hadi leo na karibu wakazi wote walihamishwa. Makaa pia hutoa gesi ya methani, inayolipuka mgodini na kuongeza joto la dunia ikiachiwa hewani.

Halafu kuna madhara ya kando. Mgodi huhitaji magogo ya kushikilia dari, barabara ya malori na makazi ya wafanyakazi. Barabara ikishaingia msituni, mpasua mbao na mchoma mkaa huingia nayo. Mara nyingi eneo linalopotea kwa sababu ya barabara ni kubwa kuliko lile la geti la mgodi.

Kiwira: mfano wa nyumbani

Mgodi wa Kiwira uko wilayani Ileje, mkoa wa Songwe, jirani na Kyela na Rungwe. Ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1988, ukiwa umekusudiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka, na ulikuwa na mtambo mdogo wa umeme wa megawati 6. Miaka ya 2000 ulibinafsishwa, uzalishaji wa chini ukadorora na kusimama, kisha mgodi ukarudi serikalini na sasa uko chini ya STAMICO. Uchimbaji ulioendelezwa baadaye kwenye kilima cha Kabulo, jirani na hapo, ni wa wazi. STAMICO ndiyo pia inayotengeneza vipande vya kupikia vinavyoitwa Rafiki Briquettes.

Historia hiyo ina mafunzo matatu kwa yeyote anayeishi mlimani.

Kwanza, mgodi wa chini unaweza kusimama kwa sababu za fedha na umiliki wakati makaa bado yapo. Ukisimama ghafla, pampu husimama, nguzo hubaki na maji huanza kupanda, lakini hakuna mapato ya kulipia usimamizi. Madhara ya mgodi hayangoji mwenye mgodi mpya.

Pili, mgodi wa chini hauzuii wa wazi kuja baadaye. Kampuni inaweza kuanza na njia moja na kuendelea na nyingine pale gharama zinapobadilika. Kijiji kilichokubali shimo la chini hakijakubali kukatwa kwa kilima, na mambo hayo mawili yanapaswa kujadiliwa kila moja kwa wakati wake.

Tatu, maji ya eneo lile yana pa kwenda. Mito ya huko hushuka hadi Ziwa Nyasa, lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana ziwa jingine lolote. Thamani ya mlima wa makaa kwa hiyo inahesabiwa hadi kwenye nyavu za mvuvi wa Kyela, kama ambavyo thamani ya Uluguru inahesabiwa hadi kwenye bomba la Kimara.

Hesabu ya chemchemi moja

Tufanye hesabu ya mfano ili jambo hili lisibaki hewani. Chukua chemchemi moja ya kawaida ya mlimani inayotoa lita 20 kwa dakika, yaani ndoo moja kila dakika. Kwa siku ni ndoo 1,440, sawa na lita 28,800. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Chemchemi hiyo basi inaweza kutosheleza watu 1,152.

Ikikauka, na ndoo ikauzwa shilingi 200 kwa muuza maji wa baiskeli, wakazi watahitaji shilingi 288,000 kwa siku, au zaidi ya shilingi milioni 105 kwa mwaka. Wasiokuwa na fedha watalipa kwa miguu, na tunajua ni miguu ya nani: akina mama na mabinti wa shule.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Hekta moja yenye tabaka la makaa la unene wa mita 2 ina mita za ujazo 20,000, yapata tani 28,000. Kwa vyumba na nguzo unatoa nusu, tani 14,000. Hizo zinauzwa mara moja. Baada ya hapo hekta hiyo haina makaa ya kuuza tena, wakati chemchemi ingeendelea kutoa ndoo yake kila dakika kwa wajukuu wa wajukuu.

Hesabu hii haisemi kwamba mgodi haufai popote. Inasema kwamba mapato ya mgodi yakiwekwa mezani, ndoo nazo ziwekwe mezani, kwa miaka yote.

Wazo la kuilipa milima kwa kazi yake si geni hapa kwetu. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha Uluguru mradi ambao watumiaji wa maji wa mabondeni walichangia malipo kwa wakulima wa juu waliotunza udongo na vyanzo. Mradi ule ulionyesha kwamba mkulima wa mlimani ni mtoa huduma, na huduma ina bei.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa kama mgodi ufanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, chini ya usimamizi wa NEMC, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na mwambao.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka mwenye mgodi awe na mpango wa kufunga mgodi na kuirekebisha ardhi. Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeyaweka mabonde chini ya bodi. Letu ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Anayetaka kutumia maji au kumwaga maji ya mgodi mtoni anahitaji kibali.

Zingatia udhaifu mmoja. Mita 60 hupimwa juu ya ardhi. Mgodi wa chini unaweza kuheshimu mita 60 kwa juu na bado ukapita chini ya chemchemi. Ndiyo maana ramani ya chini ni muhimu kuliko bango la mpaka.

Je, si bora kuliko mkaa wa miti?

Hili ni swali la haki na lazima lijibiwe kwa haki. Miombo ya Morogoro inaisha kwa mkaa kila siku, na msitu uliokatwa wote nao haushiki maji. Mgodi mmoja uliosimamiwa vizuri, kwenye eneo lisilo chanzo cha maji, unaweza kutoa joto la jikoni kwa kugusa eneo dogo kuliko matanuru maelfu yaliyotawanyika.

Lakini kuna tofauti mbili. Ya kwanza, miombo iliyokatwa ikiachwa bila moto na bila kulimwa huchipua kutoka kwenye visiki; mwamba uliopasuka hauchipui. Ya pili, makaa ya mawe yana salfa na moshi wake, kwa hiyo jiko lake linahitaji hewa ya kutosha, na kaboni yake ni ya zamani inayoongezwa upya angani. Wanaoyatazama makaa ya mawe kama daraja la muda kuelekea gesi na umeme wana hoja. Wanaoyaona kama mwisho wa safari wanahamisha tatizo kutoka mlima mmoja kwenda mwingine, na mlima huo mwingine ni wa ndugu zetu wa Ileje.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji

Wazee wa Uluguru wanakumbuka mwaka 1955, pale serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi na ghasia zikazuka Matombo. Nia ya kuhifadhi udongo ilikuwepo, lakini wenye ardhi hawakusikilizwa. Mradi wowote wa mlimani, wa kuchimba au wa kuhifadhi, unarithi kumbukumbu hiyo. Kwa hiyo mtu akija na leseni ya utafiti au ya uchimbaji, iwe ni makaa, vito au dhahabu, kijiji kiulize haya na kiandike majibu kwenye muhtasari:

1. Vyanzo vyetu vyote vya maji vimeorodheshwa? Kila kimoja kinatoa ndoo ngapi kwa saa, masika na kiangazi? Vipimo hivi vichukuliwe kabla ya kazi kuanza, kwa sababu bila kipimo cha mwanzo hakuna ushahidi wa hasara.
2. Ramani ya mashimo ya chini iko wapi, na nakala yake itabaki ofisi ya kijiji?
3. Mawe taka yatawekwa wapi, na je, kuna chemchemi au nyumba chini ya hapo?
4. Maji yatakayosukumwa nje yatakwenda mto gani, na nani atayapima?
5. Barabara itapita wapi, na nani atazuia wakataji miti wasiifuate?
6. Fedha za kufunga mgodi zimewekwa mahali gani, na zitapatikana hata kampuni ikifilisika au kuuzwa?
7. Kampuni ikibadili njia ya uchimbaji, mkutano utaitishwa upya?

Swali la kwanza halihitaji mtaalamu wala kampuni. Ndoo ya lita 20, saa ya simu na daftari vinatosha. Mwenyekiti wa kitongoji na wanafunzi wawili wanaweza kupima chemchemi zote za kitongoji kwa siku moja, mara mbili kwa mwaka, na kupeleka nakala ofisi ya bonde. Kijiji chenye daftari la namna hiyo kinajua mlima wake una thamani gani, na hakitategemea hesabu ya mgeni.